Kucha za Paka na Kochi Jipya: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimegusa jambo moja, nazo ni kucha za paka. Tumezijibu pamoja, ndefu kwa fupi.

Swali: Nilinunua makochi ya veluti kwa mafundi wa Nsambya. Hata miezi miwili haijaisha, paka ameyachana pembe zote. Jirani yangu aliyewahi kuishi Marekani ananiambia huko daktari anamng'oa paka kucha mara moja tu na shida inakwisha. Je, upasuaji huo ni salama, na nikiutaka hapa Kampala ni sawa? – *Msomaji wa Ntinda*

Jibu: Ndugu msomaji, neno “kung'oa” ndilo linalowapoteza watu. Ukucha wa binadamu umelala juu ya nyama. Unaweza kung'oka na kidole kikabaki kizima. Wa paka umeota kwenye mfupa wenyewe, ile pingili ya mwisho ya kidole, na mfupa huo ukibaki, ukucha utaota tena. Kwa hiyo daktari anayefanya kazi hiyo anakata kidole kwenye kiungo cha mwisho, mfupa na ukucha vikatoka pamoja. Paka ana kucha 18: tano kila mguu wa mbele, nne kila mguu wa nyuma. Kawaida hukatwa za mbele, yaani vidole kumi. Nyosha mkono wako, tazama kiungo kilicho karibu kabisa na ukucha. Hapo ndipo kisu hupita, mara kumi.

Zipo njia tatu. Kuna mkasi maalumu unaofanana na kikata kucha kikubwa, kuna kisu cha upasuaji, na kuna mwale wa leza. Mkasi ni wa haraka, na ndio unaoharibu zaidi, kwa sababu mara nyingi hupita katikati ya mfupa badala ya kupita kwenye kiungo. Kipande kinachobaki kinaweza kuotesha ukucha uliopinda chini ya ngozi, na baada ya miezi au miaka unatokeza jipu. Leza hupunguza damu, lakini kinachoondolewa ni kilekile. Tena mguu hufungwa mkanda ili damu isitoke. Mkanda ukibana mno au ukikaa muda mrefu, neva huumia na paka akaburuta mguu. Wengine huamua kukata kano inayotokeza ukucha na kuuacha ukucha mahali pake. Hapo paka hawezi kuunoa wala kuuvua, nao huendelea kukua mpaka unamchoma kwenye unyayo usipokatwa mara kwa mara.

Hata kazi ikifanywa vizuri, paka hutembea kwa vidole. Pingili ya mwisho ikiondoka, uzito unaangukia ncha ya mfupa uliobaki, mwendo unabadilika, na mabega na mgongo vinabeba mzigo usio wao. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2017 ulilinganisha paka 137 waliokatwa na 137 ambao hawakukatwa. Asilimia 63 ya waliokatwa walionekana kwenye eksirei wakiwa bado na vipande vya mfupa vidoleni. Uwezekano wa kujisaidia nje ya beseni lao la choo ulikuwa mkubwa karibu mara saba, wa kuuma zaidi ya mara nne, na wa maumivu ya mgongo karibu mara tatu. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe: umeokoa pembe ya kochi, umepata mkojo juu ya mto wa kochi.

Jirani yako pia amekupa habari za zamani. Jimbo la New York lilipiga marufuku upasuaji huu mwaka 2019, na chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kinawashauri wanachama wake wasiufanye. Uingereza hauruhusiwi, isipokuwa kwa matibabu ya paka mwenyewe. Israeli iliupiga marufuku mwaka 2011. Sheria yetu ya Uganda ya kuzuia ukatili kwa wanyama ni ya 1957, na haikuandikwa kwa kufikiria kucha za paka. Lakini sheria kunyamaza hakukupi ruhusa ya moyo. Paka wa kwetu hutoka nje, hukutana na mbwa wa mtaa, hupanda mwembe na ukuta kuokoa roho yake, na hukamata panya stoo. Kumkata vidole ni kumwachia nusu ya kinga yake. Tunakushauri usitafute mtu wa kuifanya kazi hiyo, na akitokea wa kujitolea, mkatae.

Kidole kukatwa kwa sababu ya uvimbe wa saratani, au kwa sababu kimepondwa na gari, hilo ni jambo lingine. Hayo ni matibabu ya mgonjwa, na hukatwa kidole kimoja kilichoharibika.

Swali: Ninyi mnapinga kuondoa kucha kwa upasuaji, lakini kila mara mnatuhimiza tuhasi paka. Je, kuhasi si kumkata pia? Tofauti iko wapi? – *Mwalimu, Jinja*

Jibu: Mwalimu, swali lako ni la haki. Ni kweli, kote kuwili kuna dawa ya usingizi, kuna kisu, na paka hakuulizwa. Kwa hiyo kipimo chetu hakiwezi kuwa “kisu ni kibaya”. Tunauliza mambo mawili: nani anafaidika, na mnyama anabaki na nini baada ya kidonda kupona?

Paka jike asiyehasiwa hubeba mimba kwa miezi miwili na siku chache, na anaweza kuanza akiwa hajafikisha hata nusu mwaka wa umri. Watoto wake wengi huishia kwenye gunia au kando ya barabara. Yeye mwenyewe hukaa katika hatari ya usaha wa mfuko wa uzazi, ugonjwa unaoua. Akihasiwa mapema, saratani ya matiti pia hupungua sana. Dume aliyehasiwa hupigana kidogo, na majeraha ya kuumwa ndiyo njia kubwa ya paka kuambukizana virusi vinavyovunja kinga yao. Baada ya siku 10 hadi 14 kidonda kimefunga, na paka anakimbia, anapanda na kuwinda kama jana.

Kukata vidole hakumkingi paka na ugonjwa wowote. Anayefaidika ni kochi. Na anachopoteza ni kiungo anachotumia kila saa: kunyoosha mgongo, kupanda, kushika, kujikuna, kuacha harufu yake kwa tezi zilizo kati ya vidole. Wapo wanaosema ni afadhali akatwe kuliko kutupwa. Tunaijua hoja hiyo na tunaiheshimu kwa sababu wengi huitoa kwa uchungu. Ila paka anayeuma na kukojoa ovyo kwa sababu ya maumivu ndiye wa kwanza kutupwa, na safari hii anatupwa akiwa hana kucha.

Swali: Sawa, simkati. Lakini kochi nitalifanyaje? Nguzo za kukwaruzia zinazouzwa madukani ni ghali, na ile niliyoletewa paka hata haitazami. – *Msomaji wa Kisaasi*

Jibu: Nguzo nyingi za dukani zina makosa mawili, ni fupi na ni nyepesi. Paka anapokwaruza hujinyoosha mwili mzima na kuvuta kwa nguvu. Nguzo ikitikisika mara moja tu, anairudia sofa, maana sofa haitikisiki.

Tengenezesha. Mwambie seremala akupe ubao wa inchi nne kwa mbili, urefu wa sentimita 90, na kitako cha mbao nzito chenye upana wa sentimita 50 kila upande. Aviunganishe kwa skrubu ndefu nne kutokea chini, kwa sababu misumari hulegea baada ya wiki chache za kuvutwa. Kisha zungushia kamba ya katani. Kwa ubao huo kila mzunguko hula kama sentimita 30. Kamba yenye unene wa milimita 8, ukifunika sentimita 80 za nguzo, itahitaji mizunguko 100, yaani mita 30. Nunua 32. Itie gundi nyeupe ya mbao kidogokidogo, vuta kamba ikaze, sukuma kila mzunguko ukutane na uliotangulia, na ncha zote mbili zifunge kwa skrubu upande wa nyuma. Iache gundi ikauke siku nzima. Usitumie kamba ya nailoni, inateleza na nyuzi zake hunasa kucha. Usiivishe nguzo zulia linalofanana na la sebuleni, utakuwa umemfundisha kuchana zulia.

Kama hata kamba ni gharama, chukua gunia la katani, lile la zamani la kahawa, ulikaze kwenye gogo zito lenye magome. Kwa paka ni zuri vilevile.

Mahali pa kuiweka ndipo wengi wanapokosea. Nguzo haiwekwi nyuma ya mlango. Iweke mbele kabisa ya pembe ile anayoichana, hata kama inaziba njia. Paka hukwaruza sana anapoamka, kwa hiyo ya pili, kama utaipata, iwe karibu na anapolala. Pembe ya kochi ifunike kwa nailoni nzito au utepe wa gundi uliobandikwa upande unaonata ukiwa nje, na uifute kwanza kwa maji ya sabuni ili harufu yake ipungue. Sugua mukene (dagaa) mkavu juu ya kamba, na kila akiikwaruza mpe kipande. Usimshike miguu kumlazimisha na usimpige. Atajifunza kukuogopa wewe, na kochi atalichana ukiwa kazini. Akishaizoea kwa wiki mbili au tatu, isogeze sentimita chache kila siku mpaka ifike unapotaka.

Tazama pia alama zenyewe. Kama anachana mkeka na zulia badala ya pembe za viti, anapenda kukwaruza kitu kilicholala, na nguzo ya wima hataijali. Mpe gogo au ubao uliovishwa gunia, ulazwe sakafuni.

Swali: Kuzipunguza kucha bila kumuumiza, nifanyeje? Nilijaribu kwa wembe akatoka damu. – *Mama wa watoto watatu, Bombo*

Jibu: Mama, wembe uweke mbali kabisa, na mkasi wa nguo pia. Kikata kucha cha kawaida cha binadamu kinatosha, mradi kiwe kikali. Butu hupasua ukucha kwa urefu.

Msubiri awe ameshiba na ana usingizi. Mweke mapajani mgongo wake ukikuelekea wewe. Shika kidole kimoja, dole gumba lako juu na kidole cha shahada chini kwenye nyama laini, bonyeza polepole, na ukucha utachomoza. Uangalie penye mwanga. Sehemu ya waridi ndani yake ndiyo yenye damu na neva, na hapo ndipo wembe wako ulipofika. Kata ile ncha iliyopinda tu, ukiacha milimita 2 mbele ya waridi. Meno ya kikata kucha yabane kutoka juu na chini, yasibane ubavuni, maana ukucha wa paka ni mwembamba na ukibanwa ubavuni hupasuka. Kama kucha ni nyeusi na waridi haionekani, kata kincha kidogo tu na uishie hapo.

Damu ikitoka, chovya ukucha kwenye unga wa ngano, kisha ubonyeze kwa kitambaa safi dakika tano bila kuchungulia. Muache apumzike siku hiyo.

Si lazima umalize kucha zote kwa kikao kimoja. Mbili leo na mbili kesho ni kazi nzuri. Paka mkubwa anatosha kila wiki mbili hadi tatu, mtoto wa paka kila wiki. Paka mzee mchunguze ukucha wa kidole cha ndani, kile kilicho juu kidogo na hakigusi chini. Hausagiki, nao huzunguka kama pete hadi ukaingia kwenye nyama. Na paka anayetoka nje, za nyuma usiziguse. Anazihitaji kupandia.

Swali: Ninaishi na VVU na ninatumia dawa zangu vizuri. Ndugu zangu wanasema paka ataniua kwa mikwaruzo, nimtupe au nimwondoe kucha. Niwasikilize? – *Msomaji, Mbarara*

Jibu: Mtunze paka wako, na uendelee na dawa zako. Miongozo ya afya ya Marekani kwa watu wanaoishi na VVU inasema wazi kwamba kuwaondoa paka kucha kwa upasuaji hakushauriwi. Hofu ya ndugu zako ina chanzo, ila wamelenga pasipo.

Ugonjwa unaoletwa na mkwaruzo wa paka husababishwa na bakteria wanaobebwa na viroboto. Kinyesi cha kiroboto hunasa kwenye kucha za paka anapojikuna, kisha huingia kwenye jeraha lako. Kwa hiyo vita ni ya viroboto. Mtake daktari wa mifugo akupe dawa ya viroboto iliyoandikwa kwamba ni ya paka. Hapa tunasisitiza kwa nguvu zetu zote: usimpake paka dawa ya kuogeshea ng'ombe, wala unga wa viroboto wa mbwa wenye pamethrini, sumu ya wadudu. Huanza kutetemeka, akadegedeka na kufa.

Usicheze naye kwa mkono mtupu, tumia kamba au kijiti. Usimwache alambe kidonda chako. Ukikwaruzwa, osha papo hapo kwa sabuni na maji mengi. Uvimbe ukitokea kwapani au shingoni pamoja na homa, nenda kituo chako cha afya na uwaambie kwamba una paka. Bila kuambiwa huenda wasifikirie. Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi ni wale ambao CD4 zao, yaani hesabu ya seli za kinga ya mwili, zimeshuka chini ya 100. Hao, kama wanataka paka, wachukue aliyepita mwaka mmoja, kwa sababu watoto wa paka ndio wanaokwaruza sana na ndio hubeba bakteria hao zaidi.

Toksoplasma, kijidudu kingine ambacho watu hukihusisha na paka, haina uhusiano na kucha hata kidogo. Hutoka kwenye kinyesi, na huchukua siku moja hadi tano nje ya mwili kabla haijaweza kuambukiza. Beseni lisafishwe kila siku na mtu mwingine wa nyumbani. Kama uko peke yako, vaa glavu na unawe baadaye. Mpe paka chakula kilichopikwa, na nyama yako mwenyewe uipike iive, mchomo ukiwemo, na mboga za majani uzioshe. Watu wengi huipata kwenye nyama isiyoiva na udongo kuliko kwa paka wao.

Swali: Paka mdogo anapanda chandarua na kukitoboa, na juzi kamkwaruza mtoto. – *Baba, Arua*

Jibu: Asubuhi kifunge chandarua fundo juu kabisa, usikishushe hadi wakati wa kulala, na usiku paka alale nje ya chumba hicho. Matundu yashone leo leo, mbu hawasubiri. Ncha za kucha zake zikate kila wiki.

Jeraha la mtoto lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hasa kama paka hana chanjo ya kichaa cha mbwa. Usipake majivu, usipake mafuta ya taa. Paka naye achanjwe akifikisha miezi mitatu, na arudiwe kila mwaka.

Swali: Mwajiri wangu amerudi kwao Ulaya akaniachia paka aliyeondolewa kucha zamani. Anakojoa kitandani na ukimgusa miguu ya mbele anauma. Je, ana kisirani? – *Mfanyakazi wa nyumbani, Entebbe*

Jibu: Hana kisirani, dada. Karibu hakika anaumwa miguu. Kufukua mchanga wenye kokoto kwa vidole vilivyokatwa ni kama wewe kutembea peku juu ya changarawe. Kitanda ni laini, ndiyo maana anakipenda.

Chukua beseni pana, ukingo wake usizidi sentimita 10 ili asilazimike kuruka, uweke mchanga laini uliochekechwa, kina cha sentimita 5. Maranda ya mbao yenye vipande vikubwa hayafai. Liweke penye utulivu, mbali na chakula chake, na uchafu uondoe mara mbili kwa siku. Godoro lioshe kwa sabuni ya unga na maji mengi. Usitumie dawa ya klorini, harufu yake inaweza kumvutia paka na kumrudisha palepale. Mwekee kiti au kigogo cha kupandia mahali anapopenda kulala, ili asiruke chini na kutua kwa miguu ya mbele. Akiwa mnene, punguza chakula taratibu, kwa kuwa kila gramu inaangukia vidole hivyo. Na asitoke nje ya ua, hana cha kujitetea.

Usimpe Panadol, hata robo ya kidonge. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo, na robo yenye miligramu 125 inaweza kumuua. Ibuprofeni na diklofenaki pia ni hatari kwake. Zipo dawa za maumivu za paka, na daktari ndiye wa kuzipima kwa uzito wake.

Kama ni dume na unamwona anachuchumaa akijikamua bila mkojo kutoka, hiyo ni dharura ya saa, usingoje kesho. Vinginevyo, panga safari kwa daktari mwenye mashine ya eksirei na uombe picha ya miguu yote miwili ya mbele. Anatafuta vipande vya mfupa au kucha zilizoota ndani, na zikionekana zinaweza kuondolewa, na paka wengi hupata nafuu. Kama hujui pa kuanzia, kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Makerere itakuelekeza. Mbebe kwenye kikapu chenye kifuniko, na kabla daktari hajamgusa mwambie vidole vilikatwa, ili asimshike kwa miguu ya mbele.